Jinsi ya kuchagua ndege ya wagonjwa bila kukurupuka

Mara nyingi inaanza hivi. Mgonjwa yuko ICU, daktari anatoka anawaambia hapa uwezo wetu umefika mwisho, mkiweza mpelekeni hospitali kubwa zaidi, basi ndugu mnabaki mmesimama koridoni kila mtu na simu yake, mmoja anagugo, mwingine anampigia jamaa yake anayejuana na watu, shangazi analia pembeni, na ndani ya nusu saa mna bei za kampuni tatu ambazo hakuna hata mmoja wenu anazijua. Hapo ndo watu wanachagua kwa kuangalia bei na picha ya ndege, sababu hakuna kingine walichonacho mkononi.

Sisi tulifanya hivyohivyo na baba. Tukachangishana, tukalipa, ndege ikaruka salama ikatua salama, halafu tunafika mapokezi ya hospitali tunaambiwa jina lake halipo na ICU imejaa. Baba alikaa ndani ya ambulensi pale nje karibu masaa mawili, nesi wa ndege anaangalia geji ya mtungi wa oksijeni, mimi namwangalia nesi usoni. Kitanda kilipatikana mwishoni na baba alipona, ila siku ile sijaisahau. Na kampuni wala haikutudanganya, mkataba ulisema wazi kazi yao ni uwanja wa ndege mpaka uwanja wa ndege, sisi hatukuusoma, macho yetu yote yalikuwa kwenye ndege.

Kwahiyo anzeni na kitanda. Kabla ya kupiga simu kampuni yoyote, mkalisheni chini daktari anayemtibu mgonjwa mumuulize mambo matatu. La kwanza, huko anakokwenda atapata nini ambacho hapa hakipo, maana wakati mwingine jibu likiwa ni kipimo fulani tu au mtaalamu fulani tu, kuna njia nyingine ya kukipata bila kumbeba mtu mahututi. La pili, anaweza kusafiri leo au inabidi kwanza presha ikae sawa, damu iongezwe, au njia ya hewa iwekwe vizuri kabla hajatoka kitandani. La tatu, akiwa njiani anahitaji uangalizi wa kiwango gani, nesi anatosha au lazima daktari wa ICU na mashine ya kupumulia. Haya majibu yaandikeni, ndo yatakayowaongoza kwenye mengine yote.

Halafu hospitali inayompokea itoe neno lake kwa maandishi, email inatosha, iwe na jina la daktari aliyekubali kumpokea na wodi atakayolazwa. Maneno ya "mleteni tu tutaona" msiyakubali. Na madaktari wawili, huyu wa hapa na yule wa kule, waongee wenyewe kwa wenyewe kwa simu, kuna vitu watakavyoambizana kwa dakika tano ambavyo nyie ndugu hamuwezi kuvieleza hata kwa kurasa kumi.

Sasa usafiri wenyewe. Watu wakisikia ndege ya wagonjwa wanawaza helikopta, lakini helikopta ni ya umbali mfupi, faida yake ni kuweza kutua karibu na hospitali au sehemu isiyo na uwanja, hasara yake ni nafasi ndogo, kelele nyingi na mtikisiko, na hali ya hewa ikichafuka haiendi. Na kwa umbali mfupi kabisa, ambulensi ya barabarani yenye timu nzuri inaweza kufika mapema kuliko helikopta, sababu helikopta lazima iitwe, ije, mgonjwa apakiwe, na pengine gari likamchukue tena kule inakotua. Kwa umbali wa kati kuna ndege ndogo za mapangaboi, zinatua kwenye viwanja vifupi ambavyo jeti nyingi haziviwezi. Jeti ni ya mbali, nchi hadi nchi.

Kuna njia mbili nyingine ambazo familia nyingi hazizijui na zinaokoa hela nyingi mno. Mgonjwa ambaye hali imetulia, anaweza kukaa au kulala kidogo kwenye kiti, anaweza kusafiri na ndege ya kawaida ya abiria akiwa na nesi au daktari wa kumsindikiza mwenye mtungi mdogo wa oksijeni na dawa zake. Na asiyeweza kukaa lakini hayuko mahututi, baadhi ya mashirika ya ndege yanakubali kufunga machela juu ya viti, inakula viti kama sita hadi tisa vya daraja la kawaida na vyote mnavilipia, bado mara nyingi ni nafuu kuliko jeti nzima. Tatizo lake ni muda, shirika la ndege litataka fomu ya afya iliyojazwa na daktari, inaitwa MEDIF, madaktari wao waipitie, na kibali kinaweza kuchukua siku kadhaa, halafu si kila shirika wala kila njia wanakubali. Kampuni ya ndege ya wagonjwa yenye watu waaminifu itawaambia yenyewe kwamba mgonjwa wenu hahitaji jeti. Mkiuliza hilo swali na jibu likaja chapchap kwamba hapana lazima jeti, kabla hawajasoma hata ripoti moja, hapo pateni wasiwasi.

Hapa kwenye ripoti nataka nikae kidogo kwa sababu ndo penye hatari ambayo ndugu hawaioni. Ndani ya ndege ikiwa juu hewa si kama ya chini. Hata kwenye jeti nzuri, presha ya ndani huwa sawa na kuwa juu ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000, yaani kama mita 1,800 hadi 2,400. Hilo linaleta mambo mawili. Moja, oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua, mtu mzima mwenye afya hata hajui kama imepungua, lakini mwenye nimonia, moyo uliochoka, damu pungufu au selimundu anaweza kubadilika ghafla. Pili, hewa yoyote iliyofungiwa ndani ya mwili inatanuka, ukifika usawa wa futi 8,000 inaongezeka karibu theluthi moja ya ujazo wake. Sasa fikiria mtu ana hewa imevujia kifuani pembeni ya pafu, au utumbo umeziba umejaa gesi, au ametoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa na kuna hewa imebaki ndani ya fuvu, au ameoperesheniwa jicho wakamwekea gesi. Hiyo theluthi inaweza kumuua au kumpofusha.

Haimaanishi hawa watu hawasafirishwi. Mwenye hewa kifuani anawekewa mrija wa kuitoa kabla ya safari. Wengine wanaachwa siku kadhaa hewa iishe mwilini. Na kuna safari ambapo rubani anaombwa aweke presha ya ndani iwe sawa na ya usawa wa bahari, inawezekana, ila ndege inabidi iruke chini zaidi, inakula mafuta mengi, inachelewa, pengine itue katikati kujaza, na bei inapanda. Hata mzamiaji aliyepata ugonjwa wa mapovu ya gesi kwenye damu baada ya kuibuka haraka toka kina kirefu anasafirishwa kwa staili hiyo au chini kabisa. Aliyefungwa plasta ngumu ya mfupa juzi tu, daktari anaweza kuipasua pembeni ili mguu ukivimba usibanwe. Yule mwenye mrija wa kupumulia kooni, kile kipira kidogo kinachoushikilia nacho kina hewa na kinatanuka, timu inayojua kazi inapima presha yake kadiri ndege inavyopanda na kushuka. Sisemi mkariri haya, nasema mumuulize daktari wa kampuni swali moja la kawaida tu: kwa ugonjwa huu, kule juu kutakuwa na shida gani na mtafanya nini? Akianza kuwaelezea kwa utulivu mambo ya namna hii, mko kwenye mikono mizuri. Mkijibiwa na mtu wa mauzo kwamba msijali ndege yetu ni ya kisasa, ombeni kuongea na daktari, na kama hakuna daktari wa kuongea nao tafuteni kwingine.

Makadirio ya bei ya harakaharaka mnaweza kupewa kwenye simu, hilo la kawaida. Lakini bei ya mwisho ikitoka bila mtu kuomba ripoti ya hospitali, uzito na urefu wa mgonjwa, dawa anazoingiziwa kwa dripu, na kama ana maambukizi yoyote, hiyo kampuni haijui inabeba nani. Uzito na urefu vinaonekana vya kijinga ila machela za ndege zina kikomo na milango ni midogo, kuna watu wamefika uwanjani ndo inagundulika mgonjwa hapiti.

Ulizeni nani atakuwa ndani. Maneno "timu ya madaktari" hayatoshi, mnataka kujua daktari ni wa fani gani, mgonjwa wa mashine ya kupumulia anahitaji mtu wa usingizi, wa ICU au wa dharura aliyezoea kusafirisha, sababu kufanya kazi umepinda mgongo kwenye kelele huku ndege inarukaruka ni ujuzi wa peke yake, daktari bingwa wa wodini anaweza kupwaya kabisa kule. Mtoto mchanga anahitaji inkubeta ya safari na timu ya watoto wachanga, hapo msikubali maelezo mengine yoyote, nesi mzuri wa watu wazima hatoshi. Mama mjamzito ulizeni mkunga yupo na itakuwaje uchungu ukianzia angani.

Kuhusu vifaa, kuna orodha ya msingi: mashine ya kupumulia, monita ya moyo na presha, mashine ya kushtua moyo, pampu za dawa, mashine ya kunyonya makohozi, na betri za kutosha kwa vyote. Ila kitu ambacho mnaweza kukihesabu nyie wenyewe ni oksijeni. Tuseme mgonjwa anatumia lita 10 kwa dakika, safari toka kitanda mpaka kitanda ni masaa manne, hiyo ni dakika 240, kwahiyo lita 2,400 zinaondoka bila hata kuchelewa popote, na kuchelewa kupo, foleni ipo, ukungu upo, geti la hospitali lipo. Waulizeni wanabeba lita ngapi na akiba ni kiasi gani, na hesabu yao inaanzia wapi, maana wengine wanahesabu muda wa kuruka tu wanasahau barabarani. Mimi hili swali sasa hivi nalirudia kwa kila mtu anayeniomba ushauri.

Tukija kwenye kampuni yenyewe, kuna wenye ndege na kuna madalali. Dalali anachukua oda yenu anaipeleka kwa mwenye ndege anaweka cha kwake juu. Si dhambi, dalali mzuri anajua ndege ipi iko karibu na anaweza kuwapatia bei nafuu kuliko mngetafuta wenyewe. Shida ni yule anayejifanya ndege zake na hataki kutaja nani anaruka, hapo mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Ombeni jina la kampuni inayorusha, namba ya usajili ya ndege ile iliyochorwa ubavuni, na cheti kutoka mamlaka ya anga ya nchi yao kinachoruhusu kubeba watu kibiashara. Ulizeni pia timu ya afya ni waajiriwa wao au wanaokotwa siku ya safari, na bima yao inafidia mgonjwa endapo kuna uzembe wa kitabibu au ni ajali ya ndege tu.

Kuna pia vyeti vya ubora vya hiari. Vinavyojulikana zaidi ni CAMTS ya Marekani iliyoanza 1990 na EURAMI ya Ulaya iliyoanza 1992, wakaguzi wao wanaenda wanaangalia ndege, mafunzo ya wafanyakazi, dawa, kumbukumbu za usalama. Kampuni isiyo nacho inaweza kuwa nzuri tu, hasa ndogo, ila aliyenacho amekubali kuchunguzwa na mtu wa nje na mimi hilo nalipa uzito mkubwa. Msiishie kuona nembo kwenye tovuti yao maana nembo inakopiwa na kila mtu, ingieni kwenye tovuti ya waliotoa cheti muangalie kama jina lipo na muda haujaisha.

Hela. Kama mgonjwa ana bima ya afya au ya safari, pigeni simu bima KABLA ya kulipa chochote, naandika kwa herufi kubwa makusudi. Bima nyingi zinataka zipange safari zenyewe kupitia kampuni yao ya msaada, au angalau zitoe idhini mapema, mkijilipia halafu mkapeleka risiti mnaweza kukataliwa hata kama safari ilikuwa ya lazima. Muulizeni kabisa bima inalipa mpaka wapi, maana nyingine zinampeleka hospitali ya karibu inayoweza kumtibu basi, kumrudisha nyumbani ni juu yenu. Daktari aandike barua inayosema kwanini hawezi kutibiwa hapo alipo, hiyo barua ndo inafungua mlango.

Wanaojilipia, bei msilinganishe kwa namba ya chini peke yake. Kampuni moja inataja bei ndogo, kumbe haina ambulensi za chini, haina ada za kutua, haina malazi ya marubani, haina gharama ya ndege kuja tupu kumfuata mgonjwa, na zote zitakuja baadaye. Iombeni kwa maandishi, kitanda hadi kitanda, ikitaja kila kilichomo, na sentensi moja inayosema nini kinaweza kuongeza bei na kwa kiasi gani. Muhimu sana na linasahaulika sababu hakuna anayetaka kuliwaza: mgonjwa akizidiwa au akifariki kabla ndege haijaruka, mnarudishiwa kiasi gani? Ndege ikiwa tayari njiani inakuja? Ulizeni, mtu wa kampuni ameshazoea hilo swali. Kulipa kabla ya kuruka ni kawaida kwenye biashara hii, ila hela iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye mkataba. Akaunti ya mtu binafsi, hapana, hata awe mpole vipi kwenye simu.

Mtaona pia wengine wana bei ndogo kwa sababu wanakabidhiana mgonjwa uwanjani, timu moja inamleta mpaka kwenye ngazi ya ndege, timu nyingine inampokea hapo hapo. Kwa aliyetulia sawa. Kwa mtu wa mashine na pampu tano za dawa kila kuhamishwa ni nafasi ya mrija kuchomoka, mimi ningelipia zaidi timu ya ndege imfuate mpaka kitandani kwake.

Ambao mko salama na mnasoma tu, fikirieni uanachama. Kuna huduma kama Rega ya Uswisi iliyoanza 1952 ambayo kwa sehemu kubwa inaishi kwa michango ya watu wanaoichangia kila mwaka, na AMREF Flying Doctors iliyoanzia Nairobi 1957 nayo ina mpango wa wanachama. Someni masharti, eneo gani, mara ngapi, nani anaamua kama safari ni ya lazima, na mjue uanachama na bima ni vitu viwili tofauti.

Muda nao. Kampuni ikisema tunaruka ndani ya saa moja, waulizeni vibali. Kwa safari ya nchi hadi nchi kuna ruhusa ya kupita anga na ya kutua, kuna viwanja vinafungwa usiku, kuna wikiendi ambapo ofisi haipokei simu, na marubani wana masaa ya kazi yanayowekwa na sheria, safari ndefu inahitaji marubani wengine au kulala njiani. Anayewaambia ukweli kwamba itakuwa kesho saa nne asubuhi ni bora kuliko wa saa moja atakayewaacha mnasubiri na mgonjwa ameshachomolewa mashine za wodini. Nyie kazi yenu ni pasipoti na viza, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, zianze kushughulikiwa siku hiyo hiyo wazo lilipoingia.

Na tafadhali rubani akisema hali ya hewa hairuhusu, mwacheni. Najua inavyouma, mmelipa, mgonjwa anazidiwa, halafu mtu anasema tusubiri. Kuna kampuni ambazo rubani haambiwi kabisa hali ya mgonjwa ili huruma isimfanye aruke kwenye mawingu mabaya, na wanafanya vizuri. Msimpigie kelele, msimuahidi hela.

Mambo ya familia sasa. Ndege nyingi zina nafasi ya ndugu mmoja, mara chache wawili, na kauli ya mwisho ni ya daktari na rubani. Mchagueni anayeweza kukaa kimya na kujibu maswali ya dawa na historia ya mgonjwa, hata kama si mkubwa kwa umri. Wanaobaki wamteue mtu mmoja wa kupokea taarifa toka kampuni, watu kumi na wawili wakipiga simu ile ile nesi atajibu simu badala ya kumwangalia mgonjwa. Kampuni waulizeni watatoa taarifa saa ngapi: wakiondoka wodini, wakiruka, wakitua, wakimlaza.

Mgonjwa mwenyewe kama ana fahamu, ongeeni naye. Aambiwe anaenda wapi, masikio yataziba, kutakuwa na kelele, atafungwa mikanda. Na kama ni mtu ambaye ugonjwa umefika mbali na anachotaka ni kurudi kwao akafie kwao, semeni hivyo wazi kwa kampuni. Kama alishasema hataki kushtuliwa moyo wala kuwekewa mashine, ulizeni kama timu itaheshimu hilo na wanahitaji karatasi gani, na ulizeni itakuwaje akifariki njiani, ndege itatua wapi, nani atashughulikia karatasi. Ni maneno magumu kuyatamka mbele ya mama yako. Yatamkeni mkiwa chini, kabla ya safari, sababu huko juu hakuna muda wa kikao cha familia.

Siku yenyewe mizigo ni begi dogo tu, ndege hizi hazina nafasi. Ndani weka ripoti zote, diski ya picha za CT na eksirei, orodha ya dawa na saa ya mwisho kila moja ilipotolewa, namba ya daktari aliyemtibu na ya yule anayempokea. Halafu weka miwani yake, meno yake ya bandia kama anayo, vifaa vya kusikilizia, chaja ya simu, na kanga au shuka lake la nyumbani. Baba alipozinduka siku ya tatu kitu cha kwanza aliomba miwani, na miwani tulikuwa tumeiacha kwenye kabati la hospitali ya kwanza.